Kiunzi Hakiombwi Ruhusa

Simu ya kutoka Uingereza ilinikuta nikichambua maharagwe kwenye veranda. Aliyepiga alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole. Aliniambia yeye ni mtoto wa kaka yake Mwalimu Jas, na kwamba shangazi yake amefariki. Alikuwa ameugua kwa muda, alisema, lakini mwisho wenyewe ulikuwa wa utulivu. Nilimpa pole, akanishukuru. Halafu akaniuliza kama ni kweli shangazi yake aliwahi kufundisha michezo. Wao walimjua kama mfanyakazi wa kiwanda cha soksi. Hapo ndipo alipofanya kazi tangu walipofika huko hadi alipostaafu. Katika kadi alizonitumia mwisho wa kila mwaka hakuwahi kukitaja hicho kiwanda, nami sikuwahi kumuuliza anafanya nini, kwa sababu kichwani mwangu alikuwa bado amesimama kando ya uwanja na raba zake nyeupe. Nilimwambia yule bwana kwamba ndiyo, alifundisha, na mimi ni mmoja wa aliowafundisha. Tulipoagana nilibaki na sinia mapajani, maharagwe mazuri yakiwa yamechanganyika tena na mabovu, na tangu siku hiyo mwaka ule alionifundisha haujaniondoka.

Ilikuwa miaka mitano hivi baada ya Uhuru. Nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Nakuru. Habari za kwetu kijijini Bahati nitaziacha kando, maana mwaka huo sikuuishi nyumbani. Niliuishi bwenini, uwanjani, na kwenye nyumba moja nyuma ya studio ya picha mjini. Mwalimu Jas alikuwa ametoka kusomea michezo ng'ambo. Jina lake lilikuwa refu zaidi, lakini chuo kizima tulimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mwenye suka moja nene iliyofika kiunoni na bangili ya chuma iliyomgonga kwenye saa kila alipopiga makofi. Hakutuzidi umri sana. Jumatatu ya kwanza alitupanga kwenye mstari, akatukimbiza mmoja mmoja bila kusema neno, akanichagua mimi kwa mbio za viunzi. Nilitaka kumwambia amekosea. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejikwaa kwenye kiunzi nikaanguka vibaya mbele ya chuo kizima. Viunzi vyetu alivitengeneza fundi wa chuo kwa mbao nzito za msonobari, si vile vinavyoanguka ukivigusa. Goti lilipona, likaacha kovu ambalo ninalo hata sasa. Lakini Mwalimu Jas alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba mmeshakubaliana, na mimi nikajikuta nimekubali.

Siku chache baadaye alikuja uwanjani na kamera ndogo ya sinema ya baba yake. Wasichana wote tulidhani ni ya kupiga picha za kawaida, kwa hiyo nilinyoosha nywele na kuikunjua sketi yangu ya michezo vizuri. "Wacha kujipamba," aliniambia. "Kimbia tu kama kawaida." Nilikimbia mara kadhaa huku kile kidude kikinguruma jichoni mwake. Jumamosi iliyofuata aliniombea ruhusa kwa msimamizi wa bweni, akanichukua hadi mjini. Studio ya baba yake ilikuwa kwenye mtaa wa maduka, na dirishani kulikuwa na picha za maharusi wa kila kabila. Nyuma ya kaunta kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nyumba nzima: chumba cha giza chenye harufu kali ya dawa za kusafishia picha, ua mdogo wenye mpera, jiko, na sebule ambayo ukuta wake mmoja ulipakwa chokaa ukaachwa mtupu ili kuonyeshea sinema. Baba yake, Bwana Kartar, alikuwa mtu wa ndevu nyeupe na kilemba cha samawati, na ndiye aliyepika siku hiyo, kwa sababu mkewe alikuwa ametangulia Uingereza kwa kijana wao. Alituletea chapati zilizopakwa samli, dengu nzito na achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Sikuwa nimewahi kula kwa Mhindi. Nilikaa wima kama niko kanisani, mpaka bibi kizee aliyekuwa kwenye kiti karibu na mlango aliponisukumia sahani ya chapati kwa fimbo yake na kusema, "Wewe kula. Nyembamba sana."

Huyo alikuwa mama yake Bwana Kartar. Wote walimwita Biji, na mimi pia nikamwita hivyo. Alikuwa ameanguka kwenye kizingiti cha jikoni wakati wa mvua, akavunjika mguu juu ya goti. Daktari alishasema mfupa umeunga na hakuna cha kumzuia kutembea, lakini Biji hakuinuka bila kushikwa. Alisogezwa na kiti chake asubuhi kwenye jua, mchana kwenye kivuli, jioni ndani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na jikoni, hakikujali ngeli wala wakati, na bado alikuwa na uwezo wa kukuambia nacho chochote alichotaka.

Walifunga madirisha, Bwana Kartar akawasha projekta, na msichana akatokea ukutani akikimbia. Leo wajukuu zangu hujitazama kwenye simu kabla hawajajua kusema, kwa hiyo ni vigumu kuwaeleza. Nilikuwa nimeshajiona kwenye kioo, na kwenye picha za kusimama wima mikono ikiwa imebana mbavuni. Lakini sikuwa nimewahi kujiona nikienda. Yule msichana ukutani alikuwa mrefu, na miguu yake ilifunguka kwa urahisi nisioujua, na kwa muda mfupi nilidhani ni mwenzangu mwingine aliyepigwa picha kabla yangu. Nilimwonea wivu. Ndipo alipokaribia kiunzi, nikaona mabega yakipanda, na hapo nikamtambua. "Ni mimi," nikasema, na sauti yangu ilinitoka ndogo. Mwalimu Jas akamwomba baba yake asimamishe hapo. Akasimamisha, picha ikatulia, na kabla hatujaitazama vizuri doa la kahawia likatokea kifuani mwangu, likatanuka, likawa tundu jeupe. Taa ilikuwa imeichoma filamu. Bwana Kartar aliguna kwa uchungu kama mtu aliyeunguza chakula, akatuambia kwa huzuni kwamba mashine hiyo haikutengenezwa kwa watu wanaotaka kusimama.

Baada ya hapo tulitumia kifaa kingine, kidogo, chenye mikono miwili ya kuzungushia na kioo kama cha redio. Ulizungusha filamu taratibu na mtu akasogea kidogo kidogo mbele ya macho yako. Mwalimu Jas aliweka karatasi nyembamba ya kufungia mkate juu ya kioo na kuchora kwa penseli: mstari wa kiwiliwili, mistari ya mikono na miguu, bila uso, bila nguo. Kisha chini yake aliweka alama. Mguu ulipogusa ardhi, kitone cheusi. Ulipokuwa hewani, duara tupu. Alama hizo ukizisoma kutoka kushoto kwenda kulia ulipata mbio nzima, na ulijua mtu amepoteza nini na wapi. Aliniwekea karatasi ya mkimbiaji mmoja mwanamke aliyemchora huko alikosoma, vitone vyake vikiwa vimeachana sawasawa kama mishono ya cherehani. Kisha akaiweka yangu chini yake. Yangu ilianza vizuri, halafu kabla ya kila kiunzi vitone vilisongamana.

"Unaona?" alisema. "Ukikaribia, unapiga vihatua vidogo vidogo. Unasimama mlangoni kwanza. Unakiomba kiunzi ruhusa."

"Naogopa kufika vibaya, Mwalimu."

"Najua. Lakini hicho ni mbao, Nyambura. Hakina ruhusa ya kukupa."

Biji alikuwa ametaka asogezwe karibu aone. Aliniangalia nikisogea kwenye kile kioo, akaomba irudishwe, akaangalia tena. "Hii mtoto iko ogopa," alisema hatimaye. "Guu iko sawa. Kichwa nakumbuka kuanguka." Akaipapasa fimbo yake. "Kama mimi tu." Kisha akamgeukia mjukuu wake, akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Mimi pia piga picha."

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi mazoezi yangu yalipokwisha tulienda mjini, na pale uani, chini ya mpera, Mwalimu Jas alimpiga Biji sinema akitembea kutoka kwenye kiti hadi mlango wa jikoni. Mara ya kwanza nilimshika mkono mmoja, na mkono wake wa pili ulishika ukuta muda wote. Bwana Kartar aliisafisha filamu mwenyewe, na Jumamosi iliyofuata tukaionyesha ukutani. Biji alijitazama bila kupepesa. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini na hakuwa amewahi kujiona akienda, kama mimi. "Huyu mzee nani?" aliuliza, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika, na tukaogopa kwamba analia mpaka tulipomsikia akicheka. Akataka aonyeshwe tena. Mwalimu Jas alichora vitone vyake. Mguu uliovunjika ulibeba uzito sawa na mwenzake. Ukutani alishika kwa upande wa mguu mzima, usiohitaji kushikiliwa. Na alipokaribia kizingiti alichoangukia, vitone vilisongamana. Mwalimu Jas alibandika karatasi yake na yangu pamoja kwenye ukuta wa sebule, na kwa muda mrefu tulizitazama sote wanne, na ilikuwa kama maandishi ya mkono mmoja.

Sikujua kwa nini haraka ya kumtembeza Biji iliwashika hivyo mpaka siku moja nilipokuwa nikimenya njegere nyuma ya pazia. Bwana Kartar alikuwa dukani na Bwana Mwangi, fundi wa picha aliyekuwa akija mara kwa mara kujifunza mashine za chumba cha giza. Nilimjua kwa uso, mtu mtaratibu, anayevua kofia mlangoni. Siku hiyo alikuwa akiuliza habari ya funguo za duka, ambalo lingekuwa lake.

"Sikukimbizi, mzee," alisema. "Nauliza tu nijue nijipange namna gani."

"Najua hunikimbizi, Mwangi. Leseni ya biashara ndiyo inanikimbiza. Wamesema haitaongezwa, kwa sababu pasipoti yangu ni ya Uingereza." Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kaunta. "Mama akiweza kupanda ngazi ya treni, nitakupa funguo. Siku hiyo hiyo."

Nilikaa pale na njegere mkononi. Tulikuwa tumesikia, bila shaka. Mwaka huo mjini kila wiki kulikuwa na familia ya Kihindi inayouza vitanda na makabati kando ya barabara. Lakini nilikuwa nimefikiri ni wale wengine. Na sasa nikaelewa kwamba kila Jumamosi niliyomtembeza Biji uani, nilikuwa nikimtembeza Mwalimu Jas kuelekea stesheni. Jioni hiyo aliponisindikiza sikuweza kuvumilia. Tulikuwa tumefika kwenye miti ya jakaranda, na upepo wa ziwani ulikuwa umeleta vumbi la magadi, kwa hiyo ningeweza kusema ni vumbi lililonitoa machozi.

"Mwalimu, asipotembea, mtabaki?"

Hakushangaa. Alitembea kidogo kwanza. "Hapana," alisema. "Tutambeba. Baba amesema atambeba mgongoni, na anaweza. Ni Biji asiyetaka. Alikuja Nakuru akiwa bibi harusi, akashuka kwenye treni mwenyewe. Anasema hawezi kutolewa kwenye mji wake kama gunia." Akanitazama. "Ukiona ni vigumu kwako kuja, usije. Sitakuuliza."

Sikulala vizuri juma hilo. Nimefundisha watoto miaka mingi tangu hapo, na nimeona wazazi wakilia kwa furaha na uchungu kwa wakati mmoja wanapompeleka mtoto shule ya mbali, na kila mara nimejisikia kama ninawajua. Kumsaidia mtu kuondoka kwako ni kazi inayotaka mikono yote miwili. Jumamosi ilipofika nilioga mapema nikaenda. Biji alikuwa ameshakaa uani, viatu miguuni. Aliniangalia kwa muda, na sijui alijua nini, lakini alinipa mkono wake bila fimbo.

Tulifanya naye kama nilivyofanyiwa mimi uwanjani. Mwalimu Jas alinifundisha nisiangalie kiunzi bali mbele yake, na akanipigia makofi ili hatua zangu zifuate mpigo mmoja bila kusitasita. Biji naye tulimwambia aangalie shina la mpera, nasi tukapiga makofi, polepole, na bangili ya Mwalimu Jas ikilia kwenye saa. Mwanzoni nilimshika kiwiko, halafu nikamshika ncha ya mtandio tu, halafu nikatembea kando yake mikono ikiwa tayari. Alituapiza kwa Kipunjabi. Alituita askari. Siku alipovuka kizingiti cha jikoni bila kupunguza hatua, Bwana Kartar alikuwa akikaanga vitunguu, na mama yake akaingia tu, akasimama karibu naye na kumwambia chumvi haitoshi. Vitunguu viliungua vyote. Wiki hiyo Bwana Kartar alipanga masanduku ya mbao uani, moja juu ya jingine, yawe kama ngazi ya behewa, na hapo Biji alikwama. Kupanda hakukufanana na kuvuka. Alifika kwenye sanduku la kwanza, akasimama, na hakuna makofi yaliyomtoa hapo.

Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekaribia, na nyumba ilikuwa imeanza kuwa tupu. Kabati la sahani liliuzwa, kisha redio. Dukani ilibaki filamu moja ya kamera ile, na nyingine isingeagizwa. Mwalimu Jas alikuwa ameiweka kwa ajili ya mbio zangu za mkoa, maana alitaka aone, akanionyeshe, kama vitone vimeachana kweli. Nilimwambia ampige Biji picha kwenye masanduku.

"Ukifanya hivyo hatutakuwa na picha yako hata moja ya mashindano," alisema.

"Mimi utanitazama kwa macho, Mwalimu. Yeye anahitaji kujiona."

Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo. Tukampiga Biji sinema, na ilipoonyeshwa tuliona kwamba wakati wa kupanda alitanguliza mguu ule uliovunjika, kana kwamba anaujaribu, na mwili ukabaki nyuma. Alipotanguliza ule mzima, mwili wote ulipanda nao. Ilikuwa jambo dogo hivyo. Alilirudia uani mpaka masanduku yakalegea misumari.

Siku ya mashindano uwanja wa mji ulijaa shule za kutoka pande zote, hadi Olenguruone kule juu milimani, wasichana waliozoea baridi, waliokuja na sweta zao nzito na kuzivua mwisho kabisa. Mwalimu Jas alisimama karibu na utepe bila kamera, na hakujua aweke wapi mikono. Mara aliikunja, mara aliishika suka yake. Bunduki ililia. Nakumbuka kidogo sana cha mbio zile. Nakumbuka kwamba kiunzi cha kwanza kilikuwa nyuma yangu kabla sijakitafuta, na kwamba sikusikia makofi ya mtu yeyote lakini mpigo ulikuwepo. Cha mwisho nilikigusa kwa kisigino, nikayumba, nikaenda. Nilikuwa wa pili, na wa pili naye alienda Nairobi kwenye mashindano ya taifa. Huko Nairobi sikupita hata mchujo wa kwanza. Walikuwepo wasichana wa aina nyingine kabisa, na nilirudi bila aibu. Lakini siku ile ya mkoa Mwalimu Jas alinijia akitembea haraka, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Hukusimama mlangoni." Basi. Tulirudi mjini kwa miguu tukila mahindi ya kuchoma, na hatukuzungumzia treni.

Waliondoka alasiri moja ya jua kali. Bwana Mwangi alikuwa amekuja na mkokoteni kusaidia mizigo, na funguo za duka zilikuwa tayari mfukoni mwake, lakini alivaa tai kama aliyekuja mazishini. Stesheni ilijaa familia nyingine, vilemba, mabegi, watoto wenye sweta mpya za nchi ya baridi. Ngazi za behewa zilikuwa juu kuliko masanduku yetu. Hilo tuliliona sote mara moja na hakuna aliyelisema. Bwana Kartar alimwendea mama yake, akainama kidogo mbele yake na kumgeuzia mgongo, kumwonyesha kwamba bado inawezekana. Biji alimgonga begani kwa fimbo, si kwa nguvu, kisha akampa hiyo fimbo aishike. Akaniita mimi nisimame nyuma yake.

Alishika chuma cha mlango. Alikaa hapo kwa muda. Watu nyuma yetu walianza kusogea, mtu mmoja akauliza kuna nini, na mimi nikainua mikono kumshika kiuno. "Mwache," alisema Mwalimu Jas kando yangu, kwa sauti ya chini kabisa, na nilipomtazama alikuwa ameung'ata mdomo wake kwa meno. Biji aliinua uso akaangalia ndani ya behewa, mbali, kwenye dirisha la upande wa pili. Alitanguliza mguu mzima. Mwili ukapanda. Akatanguliza tena, na tena, na nguo yake ikapita mlangoni na kupotea ndani, na tukasikia akimwamuru mtu ampishe kiti.

Mwalimu Jas alinikumbatia, akapanda, na treni ikaondoka taratibu kuelekea Naivasha. Bwana Mwangi alipunga kofia yake mpaka behewa la mwisho. Mimi sikupunga. Jukwaa lilipobaki wazi aliniuliza kwa upole kama niko sawa, na ndipo nilipoona kwamba mikono yangu ilikuwa bado imeinuliwa mbele yangu, tayari kumdaka mtu ambaye hakuanguka.